Gari ya zamani, mafuta gani? Mafuta mazito hayaponyeshe moteri iliyochoka

Kwenye barabara ya Bukavu–Uvira, gari nyingi zinazobeba watu na mizigo zimeisha kuzeeka. Kuna Hiace za taxi-bus zilizotoka Japani ao Ulaya, kuna Land Cruiser za paroki na za mashirika, kuna Dyna na Fuso zinazopakia mihogo, mbao na simenti. Zilifika hapa zikiwa zimetembea sana kwingine, kisha zikaanza maisha ya pili kwenye mashimo, vumbi na matope. Moteri zao zinaweza kutumika miaka mingine mingi, lakini kwa sehemu kubwa hiyo inategemea mafuta ambayo mwenye gari anayatia ndani.

Na hapo ndipo watu wanapotea. Kwa muuzaji kuna bidoni za kila rangi, zimeandikwa 15W-40, 20W-50, SAE 40, CF-4, CI-4, SN. Shofere mingi anauliza swali moja tu: "Ile iko muzito ni gani?" Wazo lake ni kwamba gari ikizeeka inaomba mafuta mazito, sawa vile mutu mugonjwa anaomba uji muzito. Wazo hilo liko na ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo sababu linadanganya watu wengi.

Jambo lenyewe si dogo. Kwa familia iliyokusanya pesa miaka mingi, ao iliyokopa, juu ya kununua taxi-bus moja, moteri ndiyo shamba lao, ndiyo minerval ya watoto. Moteri ikikamata katikati ya mupando, wasafiri wanabaki barabarani usiku, na mwenye gari anaanza kutafuta dola za kufungua moteri yote. Makala hii inaeleza namna ya kusoma bidoni na namna ya kuchagua bila kubahatisha.

Mafuta yanafanya kazi gani?

Watu wengi wanajua kazi moja tu: kulainisha, ili chuma kisisuguane na chuma. Lakini mafuta ya moteri yanafanya kazi zingine ine.

Yanapoza. Maji ya radiatere yanapoza kulasi na silinda, lakini hayafike chini ya pistoni wala kwenye kusineti za bieli. Kule, mafuta ndiyo yanabeba joto na kulishusha kwenye karteri.

Yanasafisha. Moteri ya mazuti inatoa masizi. Mafuta mazuri yanashika masizi hayo na kuyabeba bila kuyaacha yagande kwenye kuta. Ndiyo maana mafuta ya moteri ya mazuti yanakuwa meusi haraka, wakati mwingine nyuma ya siku moja ao mbili tu. Weusi huo peke yake hauonyeshe kwamba mafuta ni mabaya. Unaonyesha kwamba yanafanya kazi.

Yanaziba. Kati ya segmenti za pistoni na ukuta wa silinda kuna nafasi ndogo sana. Utando wa mafuta unasaidia kuifunga, ili nguvu isitoroke chini.

Yanalinda. Mazuti yakiungua yanatoa maji na asidi. Ndani ya mafuta mazuri kuna dawa inayoua asidi hiyo mbele haijakula chuma. Dawa hiyo inaisha kidogo kidogo. Ikiisha, mafuta yanaweza kuonekana kama yangali mengi kwenye kijiti cha kupimia, lakini hayalinde tena.

Kwa hiyo, mutu anayechagua mafuta kwa uzito peke yake anaangalia kazi moja ao mbili tu kati ya tano.

Andiko la kwanza: namba za SAE

Namba kama 15W-40 inaonyesha uzito wa mafuta. Hapa uzito hauko wa kilo. Ni namna mafuta yanavyotiririka: asali inatiririka polepole, maji yanatiririka mbio.

Mafuta yote yanakuwa mazito yakiwa ya baridi na mepesi yakiwa ya moto. Namba yenye herufi W inahusu baridi, wakati wa kuwasha moteri. Namba ya pili inahusu mafuta yakiwa ya moto, na inapimwa kwenye digri 100. Mafuta ya 15W-40 yanajiendesha kama mafuta mepesi asubui, lakini moteri ikipata moto yanakuwa na uzito wa 40.

Kuna jambo ambalo shofere wengi hawajaambiwa. Bidoni ya "SAE 40", bila W, na bidoni ya "15W-40" ziko kwenye daraja moja la uzito moteri ikiwa ya moto. Tofauti iko asubui. SAE 40 ya peke yake inakuwa nzito sana ikiwa ya baridi, na inachelewa kufika juu. Mutu anayeinunua akifikiri anapata kinga zaidi kwenye mupando wa Ngomo, hapate kitu zaidi kule juu. Kinyume chake, anapoteza kila asubui anapowasha gari.

Na asubui ndiyo saa ya hatari. Usiku kucha mafuta yameshuka kwenye karteri. Gari ikiwashwa, sehemu za juu kunakofunguka supapi zinazunguka karibu bila mafuta mapya mpaka pompo iyafikishe kule. Sehemu kubwa ya kuchakaa kwa moteri inatokea katika wakati huo mufupi. Mafuta yanayofika mbio yanapunguza kuchakaa huko.

Je, sisi tunahitaji W ngapi? Namba 20W inapimwa kwenye baridi ya digri 15 chini ya sifuri, na 15W kwenye digri 20 chini ya sifuri. Bukavu, iliyo karibu mita 1,500 juu ya bahari, haifike hata karibu na baridi hiyo. Mafuta ya 5W ao 0W yametengenezwa kwa inchi za barafu ao kwa moteri mpya zilizoyaomba. Kwa moteri ya zamani ya hapa, 15W inatosha vizuri, na 20W inaweza kufaa pia.

Mafuta mazito na moteri iliyochoka

Tuje sasa kwenye wazo la watu: moteri ikizeeka, tia mazito.

Ukweli wake ni huu. Moteri ikichakaa, nafasi kati ya vyuma inaongezeka. Mafuta ya 50 yanashikilia kidogo zaidi ndani ya nafasi hizo kuliko ya 40. Moshi wa buluu unaweza kupungua na kelele inaweza kutulia. Gari inayofanya kazi kwenye joto la bonde la Ruzizi, kati ya Kamanyola na Uvira, ikiwa na mizigo mingi, inaweza kutumia 20W-50 bila shida, kama kitabu cha moteri hiyo kinaruhusu. Vitabu vingi vya moteri za miaka ya 1980 na 1990 viko na tabela inayoonyesha uzito wa mafuta kufuatana na joto la hewa, na 20W-50 mara mingi iko ndani kwa inchi za joto.

Udanganyifu unaanza pale mafuta mazito yanapochukuliwa kama dawa. Yanaficha ugonjwa, hayauponyeshe. Segmenti iliyokwisha inabaki imekwisha. Kusineti iliyochakaa inaendelea kuchakaa, lakini sasa shofere hasikie tena kelele iliyokuwa inamuonya.

Kuna pia jambo la presio. Watu wanafurahi wakiona saa ya presio imepanda nyuma ya kutia mafuta mazito. Presio kubwa haimaanishe mafuta mengi yanafika. Fikiria mutu anayesukuma uji ndani ya mupira mwembamba: anasukuma kwa nguvu sana, lakini kinachotoka ni kidogo. Katika moteri, kinacholinda kusineti ni mafuta yanayopita. Turbo ikiwepo, hatari ni kubwa zaidi, juu turbo inazunguka mbio sana na inangojea mafuta tangu sekunde za kwanza.

Zaidi ya yote, wengine wanachanganya mafuta ya moteri na mafuta ya giyaboksi, ao wanatia unga na dawa za chupa ndogo "za kufunga moshi". Mafuta ya giyaboksi hayakutengenezwa kubeba masizi wala kuua asidi ya mazuti. Gari inaweza kutembea nayo wiki chache na kuuzwa ikiwa kimya. Anayeinunua ndiye anagundua.

Njia nzuri ni kupima mbele ya kubadilisha uzito. Angalia moteri inakunywa mafuta kiasi gani kwa kilometa 1,000. Watengenezaji kadhaa wa gari wanahesabu kwamba litri moja kwa kilometa 1,000 ndio mupaka. Chini sana ya hapo, hakuna haja ya kuhangaika: baki na 15W-40. Ikikaribia mupaka, jaribu 20W-50 kama kitabu kinaruhusu, na upime tena. Ikipita mupaka, tatizo haliko la bidoni tena. Ni la fundi.

Andiko la pili: herufi za API

Hili ndilo andiko ambalo watu wanaruka, na ndilo lenye maana zaidi kwa moteri ya mazuti. Kwenye bidoni mingi kuna duara: katikati kuna namba ya SAE, juu yake kuna neno API na herufi.

API ni chama cha viwanda vya petroli cha Marekani, na herufi zake zinaonyesha mafuta yamepita majaribio gani. S ni kwa moteri za esansi. C ni kwa moteri za mazuti. Herufi inayofuata inaonyesha kizazi: kadiri inavyoenda mbele katika alfabeti, ndivyo majaribio yalivyokuwa makali zaidi. Kwa esansi kuna SF, SG, SJ, SL, SN, SP. Kwa mazuti kuna CC, CD, CF, CF-4, CH-4, CI-4, CK-4.

CD ni ya tangu 1955. CF-4 ilikuja 1990, CH-4 ilikuja 1998, CI-4 ilikuja 2002. API yenyewe inaonya kwamba CC haifae kwa moteri nyingi za mazuti zilizotengenezwa nyuma ya 1990, na CD haifae kwa zile za nyuma ya 1994. Lakini mafuta ya CC na CD yangali yanapatikana sokoni, mara mingi katika bidoni ya bei nafuu yenye SAE 40. Mutu mwenye Land Cruiser ya 1998 akinunua hayo, ananunua ulinzi wa wakati wa babu yake.

Kwa moteri ya zamani isiyokuwa na filtri ya masizi kwenye bomba la moshi, chaguo lililo rahisi na zuri ni 15W-40 yenye CH-4 ao CI-4. Mafuta hayo yanaweza kutumika mahali kitabu kinaomba CD, CF-4 ao CH-4. Yalitengenezwa kubeba masizi mengi, na hilo ni la lazima kwetu: kwenye mita 1,500 hewa iko nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapata hewa kidogo kuliko kando ya bahari. Injekteri zikipiga mazuti kama kawaida, masizi yanaongezeka.

Bidoni ikiandikwa CI-4/SL, inaweza kutumika kwa mazuti na pia kwa esansi inayoomba SL. Bidoni ya S peke yake, kama SN, isitiwe ndani ya moteri ya mazuti. Bidoni yenye JASO DH-1 inafuata kipimo cha Wajapani cha moteri za mazuti za kazi ngumu, na inafaa kwa Fuso na Dyna za zamani. Moja ya kuepuka ni FA-4: ni mafuta mepesi kwa moteri mpya za malori, hayakufanywa kwa za zamani.

Mazuti ya "Kadhafi" na asidi

Uzuri wa mafuta unaenda pamoja na uzuri wa mazuti. Ndani ya mazuti kuna salfa, na salfa ikiungua inazaa asidi. Mazuti safi yenye salfa ndogo hayachokeshe mafuta ya moteri mbio. Lakini mutu anayenunua kwa "Kadhafi" kando ya barabara hajui mazuti yalitoka wapi, yalilala ndani ya bidoni gani, ao kama yalichanganywa na petroli ya taa.

Hapo kuna sababu ya pili ya kuchagua CI-4. Ilitengenezwa wakati mazuti yalikuwa yangali na salfa nyingi, na dawa yake ya kuua asidi iko nyingi. Mafuta yaliyokuja nyuma yake kwa ajili ya filtri za masizi, kama CJ-4 na CK-4, ni mazuri, lakini yalifikiriwa pamoja na mazuti safi sana. Mwenye gari akiyapata, anaweza kuyatumia. Asidanganyike tu kwamba sasa anaweza kupitisha siku za vidanje. Ukitumia mazuti usiyoyajua, fupisha muda.

Minerali ao sintetiki?

Bei ya sintetiki inaweza kuwa mara mbili ao zaidi. Je, inafaa? Mafuta ya sintetiki yanavumilia joto zaidi na hayaharibu moteri ya zamani yenyewe. Maneno kwamba "yanakula jwenti" mara mingi yanatoka kwenye jambo lingine: moteri iliyokaa miaka na mafuta mabaya inajaa tope jeusi, na tope hilo linaziba mahali palipokuwa panavuja. Mafuta yenye nguvu ya kusafisha yakilitoa, uvujaji unaonekana.

Kwa moteri yenye historia isiyojulikana, minerali ya 15W-40 yenye CI-4 inatosha. Vidanje ya kwanza ifanyike mapema, nyuma ya kilometa 1,000 ao 2,000, pamoja na filtri, ili uchafu uliolegea utoke. Kisha endelea kwa muda wa kawaida. Pesa zinazobaki kwa kuacha sintetiki zinalipa vidanje ya pili, na hiyo inasaidia moteri zaidi.

Moteri yako ni gani?

Hiace nyingi zilizofika hapa ziko na kitabu cha Kijapani, ao hazina kitabu kabisa. Lakini jina la moteri linaonekana kwenye kibao cha chuma ndani ya gari ao chini ya kapo. Moteri ya 2L ni ya litri 2.4, 3L ni ya litri 2.8, 5L ni ya litri 3.0: zote ni za mazuti. 1KZ ni ya litri 3.0 na iko na turbo. Land Cruiser yenye 1HZ iko na silinda sita na litri 4.2, bila turbo. Ukiwa na jina hilo, mekanisie mwenye vitabu ao mutu mwenye intaneti anaweza kutafuta uzito, darasa na kiasi cha mafuta. Mutu asinunue kwa kusema tu "ni Hiace", juu kuna Hiace za esansi pia.

Vidanje: hesabu litri za mazuti

Mafuta mazuri yaliyokaa sana yanakuwa mabaya. Kwa moteri za zamani kwenye vumbi, mipando na mizigo, kilometa 5,000 ni kiasi cha haki. Shida ni kwamba kwenye gari nyingi saa ya kilometa imeisha kufa.

Kuna dawa rahisi: hesabu mazuti. Kama gari inakunywa litri 10 kwa kilometa 100, kilometa 5,000 ni litri 500. Kama inakunywa 12, ni litri 600. Shofere anaandika kila mara anaponunua, na hesabu ikifika, gari inaingia garaji. Njia hii ina faida zaidi ya kilometa. Gari ikinasa kwenye matope saa tatu huku moteri inalia, kilometa haziongezeke, lakini mazuti yanaungua na mafuta yanachoka. Litri za mazuti zinahesabu kazi hiyo yote.

Kwa gari inayosimama sana, kama ile ya paroki inayotoka siku ya Mungu tu, hesabu ni ya kalenda. Huko Ulaya kuna watu waliogeuza Hiace za namna hii kuwa nyumba za kusafiria, na wanazisimamisha miezi yote ya baridi. Kwao na kwetu kanuni ni moja: vidanje angalau mara moja kwa mwaka, hata kama kilometa ni kidogo, juu maji na asidi vinabaki ndani ya karteri.

Filtri ibadilishwe kila vidanje. Filtri iliyojaa inafungua njia ya pembeni, na mafuta yanapita bila kuchujwa. Filtri ya hewa nayo ni ndugu ya mafuta: vumbi nyekundu la barabara likipita, linakuwa kama msasa ndani ya silinda, na hakuna mafuta yanayoweza kulizuia.

Kupima, gari isimame mahali palipo sawa, moteri izimwe, mungojee dakika tano. Mafuta yawe kati ya alama mbili za kijiti. Kuzidisha si usalama: vilbrekeni inayapiga yanakuwa povu, na povu halilainishe.

Alama ambazo kijiti kinaonyesha

Mafuta yakiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, maji yameingia. Mara mingi ni jwenti ya kulasi. Simamisha gari.

Yakipanda bila mutu kuongeza, na yakinuka mazuti, injekteri ao pompo inavuja ndani. Hayo hayalinde tena kitu.

Yakishuka na moshi uko wa buluu, yanaungua. Yakishuka bila moshi, tafuta chini ya gari.

Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka mukiwa barabarani, zima moteri papo hapo. Maneno "tufike kwanza pale kwenye senta" ndiyo yameua moteri nyingi.

Bidoni ya uongo

Mafuta yaliyokwisha kutumika yanaweza kuchujwa kwa kitambaa na kurudishwa ndani ya bidoni ya jina kubwa. Angalia kama pete ya kifuniko haijakatwa, kama karatasi imebandikwa sawa, kama namba ya kiwanda inasomeka. Mafuta mapya yako na rangi ya asali na hayanuke kuungua. Bei ikiwa chini kabisa ya majirani, jiulize kwa nini. Yale yanayouzwa kwa kipimo cha glasi, hakuna anayejua darasa lake. Nyuma ya kumimina, toboa bidoni, isirudi sokoni.

Ukikosa mafuta yako njiani, unaweza kuongeza mafuta mengine ya moteri ya mazuti ili ufike. Hayatagombana ndani. Lakini muchanganyiko unakuwa na nguvu ya yale yaliyo dhaifu zaidi, kwa hiyo fanya vidanje mapema.

Mwenye gari na shofere

Katika taxi-bus nyingi, shofere anatafuta verisema ya kila siku, na mwenye gari haoni moteri mpaka inapokufa. Shofere akinunua mafuta na pesa zake, atanunua ya bei ndogo. Mwenye gari akimupa pesa bila kuuliza bidoni, matokeo ni yale yale. Na siku ya hasara kila mutu anamuonyesha mwenzake kidole.

Daftari moja inaweza kuondoa ugomvi huo: tarehe, litri za mazuti, mafuta yaliyoongezwa, vidanje, jina la mafuta na herufi zake. Mwenye gari ananunua bidoni mwenyewe, shofere anapima kila asubui mbele ya kuwasha, na wote wawili wanatia saini. Daftari hiyo ndiyo itawaonyesha, mbele ya mekanisie, siku ambayo moteri ilianza kunywa mafuta.

Yale yaliyotoka yasimwagwe kwenye mufereji: yanashuka Ruzizi na kwenye ziwa, kule watu wanakochota maji. Yakusanywe ndani ya bidoni iliyofungwa, mbali na watoto, na mikono ioshwe na sabuni, juu mafuta yaliyotumika si mazuri kwa ngozi.

Kwa muufupi, mutu anayeenda kununua abebe vitu vitatu kichwani: jina la moteri, uzito, na herufi. Kwa moteri nyingi za mazuti za zamani kwenye barabara zetu, jibu litakuwa 15W-40, CH-4 ao CI-4, pamoja na filtri mpya. Muuzaji akisema "hii iko muzito zaidi", jibu ni kumuomba ageuze bidoni muone herufi.